Pimamaji

Nyumba iko chini ya barabara.
Aliyeijenga alikuwa akiukimbia upepo wa Wales:
aliuchimba mlima, akaiegemeza nyumba humo,
akaiezeka kwa vigae vya jiwe jeusi,
upepo ukapita juu usiione.
Maji hakuyauliza.

Basi kila Novemba mlima hunitembelea.
Hushuka kwa njia ya gari, mita arobaini za kokoto
alizomwaga Idris mwaka ule tulipouza kondoo,
huzichota konzi kwa konzi,
huzipanga kizingitini
kama mtu alipaye deni kwa sarafu ndogondogo.
Nafagia. Nazirudisha juu kwa toroli.
Unanirudishia.

Mwaka huu maji yaliingia jikoni.
Si mengi, hayakufunika hata kifundo cha mguu.
Lakini maji ya kifuu bahari ya chungu,
na mimi, miaka sabini na mmoja, nimesimama juu ya kiti,
redio mkono huu, kopo la sukari mkono huu,
nilikuwa chungu kwa maana zote mbili.

Emrys alikuja, penseli sikioni.
Weka mfereji wa zege mbele ya mlango, akasema,
juu yake wavu wa chuma, gari lipite.
Na majani yakipukutika, nani atauzibua?
Akayatazama magoti yangu,
kisha akayatazama mawingu.

Osian akapiga simu kutoka Kadifi:
Mama, mwaga lami, yaishe.
Lami! Kokoto angalau hunywa kidogo.
Lami ni koo lisilo na tumbo:
maji yaliyokuwa yakitembea yatanijia mbio.

Kulikuwa na njia ya bure.
Tuta moja katikati, maji yageuke kushoto.
Nilikwisha kushika koleo.
Ila kushoto ni kwa Gethin,
na zizi lake, ambamo kondoo huzaa mwezi wa tatu
juu ya nyasi kavu.
Kuyahamisha maji si kuyamaliza.
Nikalirudisha koleo.

Nikaitoa pimamaji ya Idris karakanani.
Kiputo kile hakikuwahi kumdanganya,
si kwenye rafu, si kwenye fremu za madirisha.
Nikailaza njiani: kiputo kikakimbilia juu,
kikakataa kushuka.
Asante. Hilo nilikuwa nalijua.

Usiku ule mvua ikanyesha hasa.
Nikavaa koti lake, nikabeba gunia la maranda,
yale ya mwisho, ya kitanda cha mjukuu ambacho hakukimaliza,
nikayamwaga getini, nikayafuata na tochi.
Yalishuka kwa alama za magurudumu, yamejipanga kama watoto wa shule.
Kwenye ule mti wa matunda mekundu yakasita.
Yakazunguka. Yakazunguka tena.
Machache, theluthi labda, yakapinda kulia yenyewe
kuelekea bustani yangu ya liki.
Nilisimama pale hadi betri ikaisha.

Tumechimba hapo, kukata mteremko,
kina cha goti. Kitambaa cha kuchujia kwanza,
bomba lenye matundu, matundu yatazame chini
(Emrys aliyaelekeza juu; nikamrudisha),
mawe ya ukubwa wa yai, kitambaa tena.
Kila mita, ushuke unene wa kidole,
hadi shimoni mwisho wa shamba langu mwenyewe,
nitakapopanda matete.
Liki zimeng'olewa zote.
Nilimpelekea Gethin kikapu. Akauliza, za nini?
Fidia, nikamwambia,
ya maji niliyokunyima.

Sasa ni siku ya kumi na mbili, jua tupu.
Mimi, niliyelaani kila wingu tangu mazishi,
naamka kuchungulia anga.
Jana sikuvumilia. Nilimimina ndoo mbili
kwenye mdomo wa juu wa bomba,
nikashuka mbio, mbio za magoti haya,
kuuwahi mdomo wa chini.
Kimya.
Kisha likakohoa
(lilikuwa limelala wiki nzima karakanani)
likatema kipande kimoja cha maranda,
kimejikunja, kimelowa,
na nyuma yake, bila haraka, maji.